Duchenne: Tabibu aliyezunguka wodi hadi wodi akitafuta siri ya misuli ya watoto

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ugonjwa huu aghalabu hujitambulisha kwenye ngazi. Mtoto wa kiume ambaye tangu hapo hakuwa hodari wa mbio huanza kuushika ukuta kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akauweka juu ya goti ili kujisukuma. Wenzake wanampita wakielekea ghorofa ya nne, naye anabaki nyuma akitweta.

Baadaye huanza kutembea kwa ncha za vidole, tumbo likiwa mbele na mabega nyuma. Shavu za miguu yake hunenepa, na majirani hudhani kuwa ana nguvu kama mchezaji wa kandanda. Akianguka, hainuki kama watoto wengine. Huinamia sakafu, akashika vifundo, kisha magoti, kisha mapaja, kana kwamba anaupanda mwili wake mwenyewe.

Daktari anapoutaja ugonjwa huo kwa mara ya kwanza, mzazi husikia neno la Kifaransa ambalo ulimi hauujui: Duchenne. Wachache hufahamu kwamba hilo ni jina la mtu, na kwamba mtu huyo aliishi maisha ya upweke na lawama kabla ya dunia kumtambua.

Mwana wa nahodha

Guillaume Duchenne alizaliwa tarehe 17 Septemba, 1806 huko Boulogne-sur-Mer, mji wa bandari kaskazini mwa Ufaransa. Ukoo wake ulikuwa wa wavuvi na mabaharia, na babake alikuwa nahodha aliyetarajia mwanawe ashike usukani baada yake.

Kijana huyo hakuvutiwa na bahari. Alisomea mjini Douai, kisha akaenda Paris kusomea udaktari wakati ambapo jiji hilo lilikuwa na baadhi ya walimu mashuhuri zaidi wa tiba duniani. Miongoni mwao alikuwemo Laennec, aliyebuni chombo cha kusikilizia kifua ambacho hadi leo huning'inia shingoni mwa kila daktari.

Alifuzu mwaka 1831 kwa tasnifu kuhusu majeraha ya moto. Haikuwa kazi ya kumpatia sifa, na hakuna hospitali kubwa iliyomng'ang'ania. Alirejea nyumbani, akafungua zahanati na kuoa.

Kifo kilichomfuata

Ndoa hiyo haikudumu. Baada ya miaka miwili mkewe alifariki kutokana na homa ya uzazi alipojifungua mtoto wao wa kiume, Émile. Duchenne ndiye aliyekuwa mkunga wa pekee katika chumba hicho.

Wakati huo hakuna aliyejua chanzo cha homa ya uzazi. Ignaz Semmelweis wa Vienna hakuwa ameonyesha bado kwamba mikono isiyooshwa ya madaktari ndiyo iliyokuwa ikiwapelekea akina mama kifo. Hilo lilitokea mwaka 1847. Lakini mamake marehemu hakuhitaji ushahidi. Alimlaumu mkwewe, na mji mdogo ukayapokea maneno hayo kama ilivyo desturi ya miji midogo.

Mtoto alichukuliwa na jamaa wa mamake. Baba na mwana waliishi mbalimbali kwa takriban miaka thelathini. Wagonjwa walipungua na daktari akawa mtu wa kujitenga. Alioa tena mwaka 1839, na ndoa hiyo pia ikavunjika.

Umeme juu ya ngozi

Kilichomwokoa ni udadisi. Katika miaka ya 1830 baadhi ya matabibu walikuwa wakichoma sindano mwilini na kupitisha umeme ndani yake ili kutuliza maumivu. Duchenne aliijaribu mbinu hiyo kwa mgonjwa wake mmoja, akaona jambo ambalo hakulitarajia: misuli iliyoguswa na umeme ilijikunja.

Katika mwaka uleule aliofuzu, Michael Faraday wa Uingereza alikuwa amegundua jinsi ya kuzalisha umeme kwa sumaku na waya. Duchenne alitengeneza mashine ya kubebeka iliyotumia kanuni hiyo. Badala ya kuchoma sindano, aliweka vipande viwili vilivyoloweshwa juu ya ngozi, na hivyo akaweza kuamsha msuli mmoja tu bila kugusa mwingine wala kumjeruhi mgonjwa.

Hadi wakati huo, wanatiba waliijua misuli kutokana na maiti. Walijua umbo lake na mahali iliposhikana na mifupa. Duchenne aliisoma ikiwa hai. Aliuliza swali jepesi: msuli huu ukifanya kazi peke yake, kiungo kinakwenda wapi? Na usipofanya kazi, mtu anatembeaje?

Mwaka 1842 alihamia Paris. Hakuwa na cheo chuoni wala wodi yake mwenyewe hospitalini. Kila asubuhi alitoka na mashine yake, akazunguka hospitali moja baada ya nyingine akiomba ruhusa ya kuwaona wagonjwa waliopooza. Lafudhi yake ya pwani na ukimya wake viliwachekesha madaktari vijana. Wengine walimwona kama mchuuzi wa miujiza.

Hata hivyo, hakumwacha mgonjwa baada ya kumwona mara moja. Mgonjwa alipohamishwa hospitali, Duchenne alimfuata. Aliporudishwa nyumbani, alimfuata huko pia, miaka nenda miaka rudi. Ufuatiliaji huo wa subira ndio uliomwezesha kutambua magonjwa ambayo huenda polepole mno kiasi kwamba anayemwona mgonjwa mara moja hawezi kuyatofautisha.

Wavulana kumi na watatu

Mwaka 1855 alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya matumizi ya umeme katika mwili. Katika toleo la pili la mwaka 1861, alieleza habari za mvulana mmoja ambaye miguu yake ilikuwa minene lakini dhaifu. Duchenne aliamini kwamba chanzo kilikuwa kwenye ubongo, na jina alilolipa gonjwa hilo lilionyesha imani hiyo.

Alikuwa amekosea, na ni yeye mwenyewe aliyejisahihisha. Alibuni sindano maalumu yenye uwezo wa kunyofoa kipande kidogo cha msuli wa mgonjwa aliye hai, akakitazama chini ya hadubini. Alichokiona kilimshangaza. Shavu la mguu lililodhaniwa kuwa na nguvu lilikuwa limejaa mafuta na nyuzi za kovu. Nyama yenyewe ilikuwa ikitoweka.

Mwaka 1868 alichapisha maelezo ya wagonjwa kumi na watatu. Alieleza kwamba udhaifu huanza utotoni, miguuni kwanza, kisha hupanda hadi mikononi. Kwamba mtoto hutembea akiyumba huku mgongo umepinda kwa ndani. Na kwamba kasoro imo ndani ya msuli. Kwa sababu ya maelezo hayo, ugonjwa ukapewa jina lake.

Haki inadai kutajwa kwa wengine. Edward Meryon wa London alikuwa ameeleza ugonjwa huohuo mapema katika miaka ya 1850, tena akaona kwamba hupita katika familia kupitia kwa akina mama na kuwashika wavulana. Mwingereza mwingine, William Gowers, ndiye aliyeandika mwaka 1879 juu ya namna mtoto anavyojiinua kwa kuupanda mwili wake. Lakini historia ni mgawaji asiye na mizani, na jina lililobaki ni la mwana wa nahodha.

Uso wa fundi viatu

Nje ya taaluma ya misuli, Duchenne anakumbukwa kwa tabasamu. Akisaidiwa na mpigapicha Adrien Tournachon, aliamsha kwa umeme misuli ya uso wa mzee mmoja, fundi viatu ambaye ngozi ya uso wake haikuwa na hisia, na kupiga picha za kila badiliko. Kitabu chake cha mwaka 1862 kilionyesha kwamba furaha ya kweli haikai mdomoni tu, bali hukunja pia misuli inayozunguka macho. Charles Darwin alizitumia baadhi ya picha hizo katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu hisia za binadamu na wanyama, na hadi leo wanasaikolojia huliita tabasamu la namna hiyo kwa jina la Duchenne.

Katika mwaka huohuo wa 1862, Jean-Martin Charcot alianza kazi katika hospitali ya Salpêtrière. Charcot, ambaye baadaye alipata umaarufu mkubwa kama bingwa wa magonjwa ya neva, hakuona haya kumwita mtu huyu asiye na cheo mwalimu wake.

Katika miaka hiyo pia mwanawe alirudi. Émile alikuwa amekuwa daktari, akafanya kazi bega kwa bega na baba ambaye hakumjua utotoni. Furaha hiyo ilikuwa fupi. Kijana huyo alifariki kabla ya babake, na mzee akabaki peke yake tena. Duchenne aliaga dunia jijini Paris tarehe 15 Septemba, 1875, siku mbili kabla ya kutimiza umri wa miaka 69.

Kilichokuwa kikikosekana

Umeme wa Duchenne haukuwaponya wavulana wale. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya kiini cha ugonjwa kupatikana. Katika miaka ya 1986 na 1987, timu ya Louis Kunkel huko Boston, Marekani, ilibainisha jeni husika na protini ambayo wagonjwa hukosa, ikaitwa distrofini.

Protini hiyo ni kama mishono inayoimarisha ukuta wa kila chembe ya msuli. Isipokuwepo, ukuta huo hupasuka kidogo kidogo kila msuli unapokazwa. Mwili hukarabati, na msuli hupasuka tena, hadi uwezo wa kukarabati unapokwisha na mahali pa nyama pakachukuliwa na mafuta na kovu, kama Duchenne alivyoona kwa hadubini yake.

Jeni hiyo imo katika kromosomu ya X, ndiyo maana wanaougua karibu wote ni wavulana. Inakadiriwa kwamba mvulana mmoja kati ya 3,500 na 5,000 wanaozaliwa huwa nao. Kwa takriban thuluthi moja ya wagonjwa, kasoro huzuka upya bila mama kuibeba. Mama anayeambiwa na wakwe kwamba amelogwa au amerithisha laana hana kosa lolote, kama vile Duchenne alivyobebeshwa kifo ambacho elimu ya enzi yake haikuweza kukieleza.

Mtego wa ghorofa

Swali linalowasumbua wazazi wa Eastlands kila siku ni lile ambalo Duchenne alilizunguka maisha yake yote: je, msuli dhaifu ufanyishwe kazi au upumzishwe?

Jibu la haraka ni kuupumzisha. Ikiwa msuli hupasuka unapotumika, basi mtoto na abebwe, akae kwenye kochi, aletewe chakula alipo. Wazazi wengi hufanya hivyo kwa huruma. Wengine hawana hiari, kwa kuwa wanaishi ghorofa ya tano katika jengo lisilo na lifti.

Ukweli una pande mbili. Ni kweli kwamba kuna mazoezi yanayodhuru. Mabaya zaidi ni yale yanayoulazimisha msuli kukaza huku ukinyooshwa na uzito, kama kuteremka ngazi, kuruka-ruka au kukimbia mteremkoni. Kinyume na wengi wanavyodhani, kushuka ngazi huumiza misuli ya paja kuliko kupanda.

Lakini kutotumika nako ni ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Msuli ambao ungeendelea kufanya kazi kwa miaka kadhaa hunyauka mapema kwa kukosa kazi. Mtoto anayekaa kutwa huku magoti yamekunjwa hupoteza uwezo wa kuyanyoosha. Kano za visigino hufupika, nyonga hukakamaa, na siku anapojaribu kusimama, viungo vinakataa hata kama nguvu ingalipo.

Mifupa nayo hupungua uzito, kwani mfupa hujengwa na mzigo unaoubeba. Dawa za steroidi, ambazo huwapa wengi wa watoto hawa muda zaidi wa kutembea, pia hudhoofisha mifupa na kuongeza hamu ya kula. Unene ukizidi, miguu hubeba mzigo isiouweza, na mama hushindwa kumbeba mwanawe ngazini.

Hatari kubwa ni kuvunjika mfupa. Mtoto aliyekuwa akitembea kwa shida, akiwekwa plasta na kulazwa kwa majuma kadhaa, anaweza asitembee tena. Kwa hiyo wataalamu hushauri kwamba mtoto wa aina hii akivunjika, daktari wa mifupa aambiwe mapema kuhusu ugonjwa wake, na juhudi zifanywe ili asimame haraka iwezekanavyo.

Wengi huacha kutembea kati ya umri wa miaka minane na kumi na mitatu hivi. Baada ya hapo, uti wa mgongo huanza kupinda, kifua hubanwa na pumzi hupungua. Moyo pia ni msuli, nao huhitaji kupimwa mara kwa mara hata mtoto asipolalamika.

Baiskeli ya Uholanzi

Mwaka 2013 watafiti wa Nijmegen nchini Uholanzi walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wavulana 30, baadhi yao wakiwa bado wanatembea na wengine wakiwa wameanza kutumia kiti cha magurudumu karibuni. Waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa baiskeli isiyokwenda popote, yenye mota ya kusaidia miguu na mikono, wakaiendesha kwa dakika 15 kwa miguu na 15 kwa mikono, siku tano kwa wiki, kwa wiki 24.

Kundi lililoendesha baiskeli halikupoteza uwezo wake katika kipindi hicho. Kundi lingine lilirudi nyuma. Hakuna aliyepona, lakini watafiti walikata kauli kwamba sehemu ya udhaifu inayodhaniwa kuwa ya ugonjwa hutokana na kukaa bure.

Eastlands haina baiskeli za namna hiyo katika kila mtaa, lakini kanuni yake haihitaji mota. Mtoto anaweza kubebwa kushuka ngazi, kisha akaachwa atembee kwenye ardhi tambarare hadi achoke kidogo, si hadi aumwe. Kuogelea katika maji ya uvuguvugu husaidia panapopatikana bwawa. Vifundo na magoti vinaweza kunyooshwa taratibu kila siku nyumbani baada ya mzazi kuelekezwa na mtaalamu wa tiba ya viungo. Misuli ikiuma siku ya pili, au mkojo ukibadilika kuwa wa rangi ya chai nzito, hiyo ni ishara kwamba kazi ilizidi na daktari aelezwe.

Mitaa yenyewe inasimulia mengi. Kaloleni, Bahati na Ofafa Jericho, iliyojengwa na serikali ya jiji katika miaka ya 1940 na 1950, ina nyumba nyingi za chini na viwanja vilivyoachwa wazi katikati. Mtoto mwenye miguu dhaifu alitoka mlangoni moja kwa moja hadi kwa wenzake. Umoja, iliyojengwa miaka ya 1970 ikiwa na nyumba ndogo za chini, imegeuzwa kwa sehemu kubwa kuwa msitu wa maghorofa ya kupanga, na Pipeline imepaa juu zaidi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mlemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Ngazi za maghorofa hayo hazijaisoma.

Kwa familia nyingi, uamuzi wenye manufaa kuliko dawa yoyote ni kuhamia chumba cha chini, hata kikiwa kidogo zaidi. Tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 inagharimu zaidi ya dola milioni 3, na mwaka 2025 matumizi yake yaliwekewa masharti makali baada ya vifo vya wagonjwa waliokuwa wameacha kutembea. Kodi ya chumba cha chini, ingawa ni mzigo, iko karibu na uwezo wa mzazi.

Kipimo cha kwanza nacho hakihitaji safari ya ng'ambo. Damu hupimwa kiwango cha kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli iliyopasuka. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa Duchenne, kiwango hicho huwa juu mara kadhaa kuliko kawaida hata kabla dalili hazijakomaa. Mtoto wa kiume ambaye hajaanza kutembea akiwa na mwaka mmoja na nusu, au anayejiinua kwa kushika mapaja yake akiwa na miaka minne, asiambiwe kwamba ni mvivu.

Huko Paris, mwaka 1897, mnara wa kumbukumbu ya Duchenne ulizinduliwa katika hospitali ya Salpêtrière, ambako wakati wa uhai wake aliingia kwa kuomba ruhusa. Huko Jericho, jioni za mechi kwenye uwanja wa Camp Toyoyo, mvulana aliyeteremshwa kwa mgongo wa kakake anaweza kusimama kando ya mstari kwa dakika chache, kabla ya kuketi. Kwa mujibu wa yale ambayo sayansi inayajua sasa, dakika hizo ni sehemu ya matibabu yake.